Tumeelewa, Mwalimu

Ukishafundisha Rumonge miaka mingi, usitegemee tena kununua samaki kwa amani. Nikifika sokoni, anayeuza ndagala ni mwanafunzi wangu. Anayemletea ndoo kutoka mwaloni ni mwanafunzi wangu. Mwenye pikipiki anayenirudisha nyumbani naye ni mwanafunzi wangu, tena yule aliyekuwa akisinzia darasani, na ndiyo maana nikipanda kwake roho huwa juu mpaka nifike. Wote wananiita mwalimu. Wote wanainamisha kichwa kidogo wakinisalimia, na hakuna anayekubali kubishana nami bei. Nikitaja bei yoyote wanaitika. Basi inanibidi nitaje kubwa, nisionekane nawadhulumu watoto wangu mwenyewe, na jioni nakula samaki aghali kuliko jirani zangu wote.

Sikuacha kufundisha kwa hasira, ingawa hasira nilikuwa nazo za kutosha. Niliacha kwa sababu ya koo. Darasa langu lilijaa mpaka madirishani, watoto wamebanana kwenye madawati, na mwalimu anayetaka kusikika nyuma lazima apige kelele tangu asubuhi. Nami nilipiga kelele miaka yote hiyo. Siku moja nilifungua mdomo kuanza somo la Kiswahili, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Watoto wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya darasa nikalia. Daktari alinitazama kooni akasema nikiendelea hivyo nitabaki bubu. Alisema kwa upole mwingi, na nilimchukia.

Nikaanza kwenda Bujumbura kila Jumamosi kusomea kazi nyingine: namna ya kuajiri mtu, kumwelekeza, kusuluhisha ugomvi wake na mkuu wake, hata namna ya kumwachisha kazi bila kumvunjia heshima. Kwa Kifaransa wanaiita *ressources humaines*. Sisi huku tunasema personeli, basi. Barabara inafuata ziwa, inapita Minago, inapita Muhuta, na pale maji yalipopanda yakaila kingo zake gari linatambaa. Nilikuwa nasoma njiani, kitabu magotini, nimekuwa mwanafunzi tena na umri wangu huu. Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani natoka.

Wakati huo kiwanda kimoja cha mawese mjini kwetu kilikuwa kinatafuta mtu wa personeli. Direkteri wake alikuwa mtu wa Bujumbura, shati lake safi siku zote, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha usogee ili umsikie. Sikuulizwa lolote nililolisomea. Aliniuliza jambo moja tu.

"Wafanyakazi wangu wengi ni watoto wa hapa hapa. Wamepita kwako?"

"Wengi wao, direkteri."

"Na wanakuheshimu?"

"Mwalimu anaheshimiwa."

Alicheka, akanipa mkono, kazi ikawa yangu. Nilidhani amenisifu. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, mama akapiga vigelegele mpaka jirani wakatoka nje. "Sasa utakula ukiwa umekaa," akasema. Mama yangu amesimama maisha yake yote. Alinizaa ukimbizini Tanzania, kambini, akapanga foleni ya maji na foleni ya unga, na huko ndiko nilikokisoma Kiswahili changu. Tuliporudi Burundi aliapa kwamba hatalala tena mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayempangia nyumba. Miguu yake sasa imechoka, kwenda uani tu lazima ashikwe mkono. Mimi ndiye ninayemshika.

Siku yangu ya kwanza direkteri alinipeleka hangarini, pale akina mama na vijana wanapochambua chikichi kutoka kwenye mikungu. Nilipovuka mlango wote walisimama. Mikono inachuruzika mafuta mekundu, visu chini, migongo imenyooka. "Amahoro, mwalimu!" kwa sauti moja. Niliwaambia waketi. Hakuna aliyeketi mpaka nilipotafutiwa kiti nikakaa. Direkteri alikuwa pembeni ananitazama kwa furaha ya mtu aliyenunua kitu kizuri.

Basi nikawa nimehama shule na shule imenifuata. Wakitaka konje, ruhusa ya kupumzika, walinyoosha kidole. Wakichelewa walisimama mlangoni pa biro langu wakingoja adhabu, watu wazima wenye ndevu. Biro lenyewe lina dirisha la nondo linaloangalia hangari, na dirisha jingine linaloangalia ukuta. Ziwa liko nyuma ya ukuta huo. Nililisikia upepo ukipiga, lakini sikuliona. Darasani angalau nilikuwa naliona.

Lililonikera zaidi ni ukimya. Kazi ya personeli ni kusikia watu. Kijana mmoja aligombana na kapita anayemsimamia mpaka wakashikana mashati. Nikamwita, nikamkalisha, nikamuuliza kuna nini. "Hakuna shida, mwalimu." Mama mmoja alikuwa anafanya kazi na homa mpaka anatetemeka. "Iko sawa, mwalimu." Nilibembeleza, nilikaripia, nilitania, wapi! Nilirudi kwenye kiti changu chenye mikono miwili nikijiuliza nimefuata nini hapa. Na kurudi shuleni hakukuwepo tena. Nafasi yangu ilishajazwa, na hata kama ingekuwa wazi ningefundisha kwa sauti ipi? Kwa hiyo nilikaa. Nilikuwa nimebanwa katikati, na ninayemlalamikia simjui.

Kisha direkteri akaniita. Wenye kiwanda walikuwa wanajenga kiwanda kipya kule kusini, upande wa Kabonga, karibu na mpaka. Watu wote wa hangari letu watahamishiwa huko.

"Watalala wapi?" nikauliza.

"Kuna kambi inajengwa. Nzuri tu. Watakuwa wanarudi Rumonge mara moja moja."

"Na wenye watoto?"

"Kambi ni ya wafanyakazi."

"Na asiyetaka kwenda?"

"Asiyetaka atakuwa ameacha kazi mwenyewe." Akalainisha sauti zaidi. "Wewe waeleze. Wewe wanakuelewa."

Neno kambi lilinichoma pale pale, lakini nilikuwa mgeni kazini na ile ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nilikwenda hangarini, na jambo la kusikitisha ni kwamba niliwaeleza vizuri sana. Nilianza na kiwanda kipya, nikaja kwenye kambi, nikaja kwenye watoto, nikamaliza na anayebaki atahesabiwa ameacha kazi. Kila kitu mahali pake, sentensi fupi, sauti yangu ile mbovu ikijikaza kisabuni. Na mwisho, kama nilivyomaliza kila somo la maisha yangu, nikauliza:

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa, mwalimu!"

Mabati yalitetemeka. Direkteri alikuwa mlangoni. Alipiga makofi mara moja akasema, "Voilà. Wamekubali."

Mtu wa mbali anaweza kushangaa. Kwetu mwalimu haulizi mmeelewa ili ajue kama mmeelewa. Anauliza ili somo liishe. Mtoto akijibu hapana, ni kama amesimama mbele ya watu akasema mwalimu hajui kazi yake, na habari zikifika nyumbani atachapwa mara ya pili. Jibu lile nililipanda mwenyewe vinywani mwao walipokuwa wadogo. Niliwarudisha nje ya darasa wakaingia upya mpaka walipojibu wote kwa pamoja, hadi wa nyuma kabisa. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kukua, akaoa, akazaa, na jibu likabaki limemkaa kooni linangoja swali.

Mchana huo mama mmoja kijana alinisubiri getini, mtoto mchanga mgongoni. Nilimfahamu vizuri mno. Darasani alikaa nyuma, karibu na dirisha, na mdomo wake haukufungwa. Sidhani kama kuna mtoto niliyemtoa nje mara nyingi kama yeye. Sasa alikuwa anachambua chikichi, na mumewe alikuwa amevuka kwenda Kongo kutafuta maisha wala hajarudi.

"Amahoro, mwalimu."

"Amahoro. Mbona hujaenda kula?"

"Uyu mutoto, mwalimu. Nitamuacha kwa nani? Kule kambi batoto hawana fasi?"

"Si nilisema? Watoto hawaruhusiwi."

"Nilisikia."

"Sasa mbona uliitika umeelewa?"

"We uliuliza, mwalimu. Sisi tukajibu." Alitabasamu, tabasamu la adabu, na tabasamu hilo lilinipandisha hasira. "Tungesema nini?"

"Ungesema hapana!"

"Kwa mwalimu?"

Hakuwa ananitania. Alishangaa kweli. Nilimtazama yule mtoto mgongoni, kichwa kimelala upande, jasho puani, nikajua kwamba mama huyu ataacha mtoto kwa watu au ataacha kazi, na katika yote mawili ataniambia asante.

Nikaenda moja kwa moja kwa direkteri. Nilimwambia kwamba lile jibu si jibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Angekuwa mtu mkali ningejua namna ya kupambana naye. Watu wakali nimewashinda wengi, wazazi na wakaguzi. Huyu alinimiminia maji ya kunywa.

"Waliitika mbele yangu," akasema.

"Wamezoea kuitika."

"Sawa. Kesho waulize tena, mimi nikiwepo. Wakikataa, wakikataa kwa kweli, nitazungumza na wenye kiwanda. Aende anayetaka, abaki anayetaka."

Nilimshukuru kama mjinga. Jioni nikamsimulia mama, naye alikuwa anachagua maharage kwenye ungo.

"Kambi?" akauliza. Mikono yake ikasimama. "Na aliyewaambia ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akarudi kwenye maharage yake. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Ningependa anigombeze. Anajua kugombeza, mama yangu, akianza hata mbuzi wa jirani wanasikia.

Kesho yake niliingia hangarini nimejiandaa. Wakasimama, nikakaa, wakakaa. Direkteri aliegemea nguzo. Niliwaambia kwamba jambo la jana halijaisha. Niliwaambia kukataa si kosa, wala si kunikosea mimi, na hakuna atakayefukuzwa kwa sababu amefungua mdomo. Nilisema hayo yote nikiwatazama usoni mmoja mmoja, nikaona vichwa vinatikisika, nikapata moyo. Nikapiga moyo konde nikauliza:

"Haya semeni wenyewe. Mnakataa?"

"Tunakataa, mwalimu!"

Sauti ile ile. Mabati yale yale. Hata mzee mmoja anayepima mikungu kwenye mizani, ambaye sikumfundisha wala watoto wake sikuwafundisha, aliitika. Direkteri aliziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

"Sasa, mwalimu," akasema, "niwaamini wa jana au wa leo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa na haki ya kucheka. Ningewauliza kama ziwa liko mlimani wangeitika. Nikajaribu kunyamaza, labda ukimya utawalazimisha, na wao wakanyamaza nami, mikono magotini, wakingoja somo liendelee. Nilihisi nimefungiwa ndani ya kitu nilichokijenga kwa mikono yangu, kwa nia njema, kwa mshahara mdogo. Hakikuwa na mlango upande wangu.

Nyuma kabisa, karibu na uwazi unaoingiza upepo, kidole kikanyooshwa.

"Sema," nikasema.

Yule mama kijana alisimama. Mtoto alikuwa ananyonya, hakumwachisha. "Utusamehe, mwalimu," akasema. "We toka kwanza."

Hangari lote likageuka kumtazama. Vijana wa mbele walishtuka kana kwamba amenitukana. Yeye akaongeza: "Na direkteri naye atoke. Murakoze." Akatushukuru kabisa, hata kabla hatujatoka.

Nilimtoa nje mara ngapi huyu? Hata kwa kucheka tu. Nilisimama, nikatoka. Direkteri akanifuata, nafikiri kwa mshangao zaidi kuliko kwa kukubali. Mlango wa mabati ukafungwa nyuma yetu.

Kisha mtu mmoja akasema kitu, mwingine akamjibu, na baada ya muda kidogo ikazuka kelele ninayoijua kuliko kelele zote duniani, kelele ya darasa ambalo mwalimu wake ametoka. Miaka yangu yote nimeisikia ile kelele nikiwa koridoni nikakimbia kuizima. Mkono wangu ulikwenda wenyewe ukashika komeo. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi ya kukaripia.

"Wanasema nini?" direkteri akauliza.

"Sijui."

"Nenda basi uwatulize."

Niliachia komeo. Niliuficha mkono ndani ya kitenge ili usirudi pale. Tukasimama mimi na yeye kando ya rundo la mikungu mitupu, nzi wakituzunguka, na ndani watu wakawa wanakatizana, wanachekana, mwanamke analia, mwanamume anasema "aka, aka, mimi naenda, mimi sina mutoto." Mtu akasema hapana. Mwingine akamwambia wewe na hapana yako! Wakagombana. Nilikuwa nafanya kazi ya kusikia watu tangu nilipoajiriwa, na nilianza kuwasikia siku hiyo, nikiwa nje.

Walipofungua, yule mama kijana ndiye aliyezungumza. Hakunitazama mimi. Alimtazama direkteri. Kuna vijana wanaotaka kwenda Kabonga, akasema, na akina mama ambao watoto wao wamekua, na hao waende. Wengine hawaendi. Na asiyekwenda hajaacha kazi, asihesabiwe hivyo. Sauti ilimtetemeka tangu neno la kwanza, lakini alifika mwisho. Direkteri alisema atapiga simu, na alipiga. Wenye kiwanda walinung'unika, kisha wakakubali.

Siku niliposikia wamekubali niliimba nyumbani kwa sauti yangu ya mlango mkavu. Mama akaniuliza nina nini, nikamweleza, akacheka mpaka akajifuta macho. Nilijiona nimetoka sasa, kweli kweli. Hangarini hawakuacha kusimama nikiingia, lakini wakiwa na neno walimpelekea yule mama kijana, na yeye alilifikisha juu mwenyewe. Kijana mmoja hata alinijibu vibaya. Nilimkaripia kwa mdomo tu, moyoni nilifurahi.

Kisha direkteri akaniita tena. Alikuwa amenivutia kiti tayari.

"Hapa sasa watu wananisemesha wenyewe," akasema. "Ni vizuri. Umefanya kazi nzuri." Akasogeza karatasi zake kando. "Kabonga inafunguliwa. Nahitaji mtu wa personeli wa kukaa kule kule, kambini. Wenye kiwanda wanakutaka wewe."

"Mimi?"

"Watu wengi wa kule hukuwafundisha. Itakuwa rahisi kwako."

Sijui kama alikuwa ananiadhibu. Nimefikiri sana, na bado sijui. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetoa zawadi. Nilimfikiria mama, mkono wake juu ya mkono wangu kila asubuhi tukienda uani. Nilifikiria kumwambia naenda kulala kambini. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyasema hangarini mbele ya watu wote, kwamba kukataa si kosa, kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa sababu amefungua mdomo. Yalinijia yote, kwa mpangilio, sentensi fupi. Nje upepo ulikuwa unapiga ziwa nyuma ya ukuta.

Direkteri akaniinamia kidogo, kwa ile sauti yake ya chini.

"Umenielewa, mwalimu?"

Nikasimama. Hakuna aliyeniambia nisimame.

"Nimeelewa, direkteri."